UZI: Aktini, GAPDH na tubulini zithibitishwe kwanza, ndipo zitumike kulinganishia katika bloti ya westani

Mwanzisha uzi, Tudor

Assalamu alaikum wanajukwaa, na salamu kwa wote wanaofanya kazi za maabara hapa Pwani na kwingineko.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu nimekuwa nikisoma rasimu za tasnifu za wanafunzi wetu, na karibu kila moja ina picha ya bloti ya westani ya aina ile ile. Juu kuna bendi za protini inayochunguzwa, chini kuna bendi nene nyeusi za aktini zilizojipanga sawasawa, na kando yake sentensi moja isemayo kwamba aktini ilitumika kuhakikisha sampuli zilipakiwa kwa usawa. Sentensi hiyo hupita bila kuulizwa. Hoja yangu ni kwamba haistahili kupita hivyo. Protini ya kulinganishia nayo ni kipimo, na hakuna kipimo chenye haki ya kugawanya kipimo kingine mpaka kithibitishwe katika tishu ile ile, kwa kiasi kile kile cha sampuli, kwa kingamwili ile ile na kwa kamera ile ile itakayotumika katika jaribio lenyewe.

Kwa wasomaji wasio wa fani hii, nieleze kwa ufupi. Tishu husagwa katika bafa yenye sabuni ili seli zipasuke, na maji yanayopatikana tunayaita lisati. Protini za lisati hupimwa, hupakiwa katika visima vya jeli, na kusukumwa kwa umeme ili zitengane kwa ukubwa, kila kisima kikitoa mstari wake tunaouita njia. Kisha huhamishiwa kwenye utando wa nitroselulosi au wa PVDF, na ile inayotafutwa hutambuliwa kwa kingamwili. Mbinu hii ilichapishwa mwaka 1979, na kwa miaka mingi ilitumika kujibu swali la kama protini fulani ipo au haipo. Leo tunaitaka ituambie imeongezeka kwa asilimia ngapi, na hapo ndipo kila kasoro ndogo, kuanzia pipeti hadi uhamishaji, inapoingia ndani ya jibu. Ndiyo maana tunagawanya ishara ya protini yetu kwa ishara ya protini nyingine tunayoamini haibadiliki: aktini ya kilodaltoni 42 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini), GAPDH ya takriban 37, tubulini ya kati ya 50 na 55, au vinkulini ya takriban 120. Hizi ndizo protini za msingi, zile ambazo kila seli huzitengeneza kwa ajili ya maisha yake ya kila siku.

Ili mgawanyo huo uwe na maana, mambo mawili lazima yawe kweli kwa wakati mmoja. La kwanza ni uwiano: ukipakia protini mara mbili, ishara nayo iongezeke mara mbili. La pili ni uthabiti: tiba, joto, chumvi, ugonjwa au umri unaouchunguza usiibadilishe protini hiyo. Watu wengi hulifikiria la pili na kulisahau la kwanza, nami naona la kwanza ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi.

Sababu yake ni kwamba protini za msingi ni nyingi mno ndani ya seli. Protini unayoitafuta huenda ni chache, kwa hiyo unapakia mikrogramu 30 za lisati ili uione. Kwa kiasi hicho ishara ya aktini mara nyingi imekwisha kushiba: kingamwili hazitoshi, au kimeng'enya cha peroksidasi kilichofungwa kwenye kingamwili kimeimaliza luminoli, kemikali inayotoa mwanga, iliyo mahali pale, au pikseli za kamera zimefika kikomo. Bendi iliyoshiba huonekana nzuri na sawa katika kila njia, na usawa huo ndio unaotudanganya. Tuchukulie umepakia mikrogramu 15 katika njia moja na 30 katika nyingine kwa bahati mbaya. Protini yako, ambayo haijabadilika hata kidogo, itatoa ishara ya 1 na 2. Aktini iliyoshiba itatoa 1 na 1.15. Ukigawanya 2 kwa 1.15 unapata 1.74, nawe utaandika kwamba protini imeongezeka kwa asilimia 74, ilhali kilichoongezeka ni majimaji ya pipeti. Aktini iliyowekwa ili ikamate kosa la upakiaji imelificha, kisha ikalipa sura ya matokeo.

Kuhusu uthabiti, nichukue mfano wa hapa kwetu. Mwanafunzi anachunguza matamvua ya tafi kutoka Hori ya Tudor, ambako wakati wa masika maji ya mito ya Kombeni na Tsalu hupunguza chumvi upande wa juu wa hori. Anataka kujua kama HSP70, protini ambayo seli huitengeneza zaidi zinapopata dhiki, huongezeka samaki anapohamishwa kutoka maji ya bahari ya kawaida, yenye chumvi ya takriban gramu 35 kwa kilo, hadi maji yenye chumvi kidogo. Atalinganishia nini? Matamvua hujijenga upya chumvi inapobadilika: seli zinazosukuma chumvi huongezeka au hupungua, na maumbo yake hubadilika, kwa hiyo aktini na tubulini, ambazo ndizo kiunzi cha seli, haziwezi kudhaniwa kuwa zimetulia. Pampu ya sodiamu na potasiamu, ambayo wengine huitumia kulinganishia protini za utando wa seli, haifai kabisa hapa kwa kuwa ndiyo yenyewe inayobadilika na chumvi. GAPDH ni kimeng'enya cha kuvunja sukari, na katika seli za mamalia inajulikana kuongezeka oksijeni inapopungua na pia kuitikia insulini. Kwa samaki wa mikokoni, ambako oksijeni hushuka usiku, ningeitilia shaka mpaka nione ushahidi. Hakuna hata moja kati ya hizi niliyoikataa moja kwa moja isipokuwa hiyo pampu. Nasema tu kwamba jina lake zuri katika seli za binadamu zilizokuzwa chupani halimsaidii tafi.

Kwa hiyo naomba tujadili namna ya kuzithibitisha. Mimi hufundisha hivi.

Changanya kiasi sawa cha lisati kutoka katika sampuli zako zote, za kundi la ulinganisho na za kundi lililopata badiliko, upate mchanganyiko mmoja. Katika mchanganyiko huo pakia mikrogramu 1.25, 2.5, 5, 10, 20 na 40, ukijaza kila kisima kwa bafa ya sampuli hadi ujazo ulingane, kwa sababu visima vyenye ujazo tofauti hupindisha njia za jirani. Endesha jeli, hamisha, tambua protini yako na ya kulinganishia kwa kingamwili zake, kisha chora ishara dhidi ya kiasi. Hiyo ndiyo tunayoiita ngazi ya viwango. Eneo ambalo protini zote mbili zinafuata uwiano ndilo eneo pekee unaloruhusiwa kufanyia kazi. Mara nyingi utakuta aktini inafuata uwiano katika mikrogramu chache za mwanzo, na protini yako inaanza kuonekana baada ya hapo, wala maeneo mawili hayakutani. Hapo una njia tatu: punguza nguvu ya kingamwili ya aktini na urudie, tafuta protini ya msingi iliyo chache zaidi, au achana na protini moja na ulinganishie kwa protini yote iliyo katika njia.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipendelea. Baada ya uhamishaji na kabla ya kuuziba utando kwa maziwa au albumini, utumbukize katika rangi ya Ponceau S, yenye asilimia 0.1 ya rangi katika asilimia 5 ya asidi ya asetiki, kwa dakika chache. Suuza kwa maji, piga picha, kisha ioshe rangi itoke. Gharama yake ni ndogo, haihitaji kingamwili yoyote, na inajumlisha mamia ya protini kwa pamoja, kwa hiyo moja ikibadilika haiyumbishi jumla. Jarida la Journal of Biological Chemistry, katika maelekezo yake kwa waandishi, linapendelea kusawazisha kwa protini yote, na halitaki protini za msingi zitumike bila ushahidi kwamba jaribio lenyewe haliziathiri.

Karibuni kwa maoni, na hasa kwa kupinga.

Mchangiaji, Kisauni

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya pili na kazi yangu inafanana sana na mfano ulioutoa. Nina maswali mawili. La kwanza, nilifanya ngazi ya viwango kwa aktini na nikapata R² ya 0.98. Msimamizi wangu amesema hiyo inatosha kuonyesha uwiano. La pili, nililinganisha aktini ya samaki watatu wa maji ya chumvi na watatu wa maji yenye chumvi kidogo kwa jaribio la t, lile la kitakwimu la kulinganisha wastani wa makundi mawili, thamani ya p ikawa kubwa kuliko 0.05, na hivyo tukakubaliana kwamba aktini haibadiliki. Je, nimethibitisha?

Mwanzisha uzi, Tudor

Marahaba, mwanangu. Umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi, na msimamizi wako amekuelekeza upande ulio sahihi. Hata hivyo, yote mawili yanahitaji hatua moja zaidi.

R² inakuambia kwamba nukta zimekaa karibu na mstari ulionyooka. Haikuambii kwamba mstari huo unapita katika sifuri. Tuchukulie mikrogramu 10 zinatoa ishara ya 60, 20 zinatoa 90, na 30 zinatoa 120. Mstari huo umenyooka kabisa na R² yake ni 1. Lakini kutoka mikrogramu 10 hadi 20 protini imeongezeka mara mbili na ishara imeongezeka mara moja na nusu tu. Ukitumia aktini ya namna hiyo, kila kosa la upakiaji litasahihishwa nusu nusu. Unachotaka kukiona ni kwamba ishara ikigawanywa kwa mikrogramu inatoa namba ileile katika eneo lote unalolitumia. Fanya mgawanyo huo kwa kila nukta, uupange katika jedwali, nawe utaona mwenyewe mahali unapoanza kushuka. Mstari unaokata juu ya sifuri mara nyingi una moja ya sababu mbili: mandharinyuma ya utando hayakuondolewa ipasavyo, au nukta za chini tayari ziko katika sehemu inayoanza kupinda kuelekea kushiba.

Kuhusu p, hapa ndipo ninapoomba usomaji wa makini. Kutokuona tofauti yenye uzito wa kitakwimu hakuna maana ya kuona kwamba tofauti haipo. Kwa samaki watatu kila upande, aktini ingeweza kubadilika kwa theluthi nzima na jaribio la t lisilione badiliko hilo. Swali sahihi ni hili: tofauti ya aktini kati ya makundi, pamoja na mipaka yake ya imani ya asilimia 95, yaani upana ambamo tofauti ya kweli inakadiriwa kuwa, inaweza kufika wapi? Kama mipaka inaanzia upungufu wa asilimia 35 hadi ongezeko la asilimia 40, na wewe unadai HSP70 imeongezeka kwa asilimia 30, basi aktini yako haijui kutofautisha dai lako na kelele. Mipaka hiyo lazima iwe myembamba kuliko badiliko unalotaka kulitangaza. Kwa badiliko la mara nne hata protini isiyotulia sana itakuvusha. Kwa badiliko la asilimia 30 unahitaji ukali mwingine kabisa.

Niongeze na hili. Unapogawanya kipimo kwa kipimo, makosa yao hujumlishwa kwa miraba yao. Kama ishara ya HSP70 inatawanyika kwa asilimia 15 na ya aktini kwa asilimia 20, uwiano wao utatawanyika kwa takriban asilimia 25. Maana yake ni kwamba protini mbaya ya kulinganishia inaweza kukufanya uwe mbali zaidi na ukweli kuliko kama usingesawazisha kabisa.

Halafu hakikisha samaki watatu ni samaki watatu kweli. Njia tatu za samaki mmoja ni kipimo kimoja kilichorudiwa.

Mchangiaji, Likoni

Salamu mwalimu, na salamu dada wa Kisauni. Mimi ni fundi wa maabara na nimeshughulika na tishu za samaki kwa muda mrefu. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja, lakini napinga hapa unapoipa rangi ya Ponceau nafasi ya juu kwa tishu hii hasa.

Matamvua ni kiungo kilichojaa damu. Samaki mmoja akiuawa na kusafishwa vizuri, na mwingine akabaki na damu, lisati ya yule wa pili itakuwa na himoglobini nyingi. Kipimo cha protini kitaihesabu, Ponceau itaihesabu, na wewe utaamini kwamba umepakia mikrogramu 20 za matamvua ilhali sehemu kubwa ni damu. Kibaya zaidi, chembe nyekundu za samaki zina kiini, tofauti na za binadamu, kwa hiyo zinaleta histoni, aktini na protini nyingine za msingi ambazo si za tishu unayoichunguza. Samaki aliyesumbuliwa na chumvi au joto mzunguko wake wa damu katika matamvua hubadilika, na hapo kosa linafuatana na kundi. Katika hali hiyo, protini moja ya msingi iliyothibitishwa vizuri inaweza kuwa bora kuliko jumla iliyochanganyika na damu.

Jambo jingine ni joto la vyumba vyetu. Rangi ya kipimo cha BCA, kile cha kupimia kiasi cha protini katika lisati, haiachi kuendelea kukolea baada ya kutolewa kwenye joto la nyuzi 37, na katika chumba chenye joto la Mombasa inakolea upesi zaidi. Ukisoma sahani nusu, ukasimama, kisha ukamalizia nusu ya pili baadaye, tayari makundi yako mawili yana kipimo tofauti. Acha ipoe, isome yote kwa mara moja kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 562, na usiwe umepanga kundi lote la kwanza juu na la pili chini. Umeme ukikatika katikati ya uhamishaji, msihesabu dakika mkaendelea palepale kana kwamba hakuna kilichotokea. Utando huo uwe wa mazoezi. Na barafu iwe ya kutosha, kwa kuwa bafa ikichemka bendi hazitahama sawasawa.

Mwanzisha uzi, Tudor

Ndugu yangu wa Likoni, hoja ya damu ni nzito na nashukuru umeileta. Nakubali kwamba rangi ya protini yote haiwezi kutofautisha tishu na kilichokuja pamoja na tishu. Dawa yake ya kwanza iko mezani pa upasuaji: damu isukumwe itoke kwa kupitisha maji ya chumvi ya kifisiolojia katika mishipa, au angalau nyuzi za matamvua zisuuzwe vizuri kwa maji hayo kabla ya kugandishwa. Dawa ya pili ni kuitazama ile picha ya Ponceau kwa macho kabla ya kuipima kwa programu. Minyororo ya himoglobini hukimbia chini, karibu na kilodaltoni 16, na kama njia moja ina bendi nzito hapo na nyingine haina, picha imekwisha kukueleza tatizo. Unaweza kuamua mapema, kabla ya kuona matokeo, kwamba utapima rangi kuanzia kilodaltoni 25 kwenda juu tu. Aktini isingekuonyesha hilo kamwe, kwa sababu inakupa bendi moja na kuficha njia iliyobaki.

Kwa hiyo msimamo wangu haujabadilika sana: Ponceau ipigwe picha kila mara, hata kwa mtu aliyeamua kulinganishia kwa protini moja, kwa kuwa ndiyo inayothibitisha hiyo protini moja. Gawanya aktini kwa protini yote, uone kama uwiano huo umetulia kati ya makundi. Mchuuzi wa Kongowea anayetilia shaka mizani yake huipima kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana, hatumii mizani ileile kujithibitisha yenyewe.

Mchangiaji, Likoni

Hapo tunakaribiana, ingawa mimi bado ningebaki na protini mbili za msingi zilizothibitishwa, zisizo na kazi inayofanana, badala ya rangi peke yake. Aktini na tubulini zote ni kiunzi. Zikiyumba zinaweza kuyumba pamoja. Lakini moja ya kiunzi na moja isiyo ya kiunzi, zikikubaliana, zinanipa utulivu wa moyo ambao rangi yenye damu hainipi.

Mwanzisha uzi, Tudor

Sina pingamizi, kwa sharti kwamba zote mbili zimepitia ngazi ya viwango kwanza. Tutofautiane hapo kwa amani.

Mchangiaji, Mtwapa

Naomba kuuliza kwa haraka. Mimi napima protini katika plazma ya damu, si katika tishu. Nimeambiwa na mkaguzi wa makala niweke GAPDH. Pia mwenzangu anapima protini iliyowekewa fosfati. Tufanye nini?

Mwanzisha uzi, Tudor

Plazma haina seli, kwa hiyo GAPDH na aktini hazina sababu ya kuwepo humo, na zikionekana mara nyingi ni dalili kwamba seli zimepasuka wakati wa kutoa damu. Mjibu mkaguzi kwa heshima ukimweleza hivyo, pakia kwa ujazo sawa, na utumie rangi ya protini yote ukikumbuka kwamba albumini itatawala njia nzima. Kwa protini yenye fosfati, kinachogawanya ni umbo zima la protini hiyohiyo, yaani yenye fosfati na isiyo nayo kwa pamoja, na uongeze rangi ya protini yote ili kuonyesha kwamba umbo zima lenyewe halikubadilika.

Na kwa wanaotenganisha sehemu za seli, lamini B1 au histoni H3 ni za kiini, na COX IV ni ya mitokondria, lakini onyo ni lile lile: kama jaribio lenu linaongeza mitokondria, COX IV nayo itaongezeka.

Mchangiaji, Changamwe

Mwalimu, mimi nina shida ya wengi. Bloti zangu zote zimekamilika, tasnifu iko karibu kuwasilishwa, na sikupiga picha ya Ponceau. Aktini niliipata baada ya kubandua kingamwili ya kwanza na kuweka ya pili kwenye utando uleule. Picha zilichukuliwa kwa filamu ya eksirei na zingine kwa kamera. Je, kuna kinachoweza kuokolewa?

Mwanzisha uzi, Tudor

Kipo, na usikate tamaa, ila tuanze na kisichookoka.

Picha za filamu tuziweke kando kwa upande wa vipimo. Filamu hujaa giza haraka, eneo lake la uwiano ni dogo sana, na bendi iliyokwisha kuwa nyeusi kabisa haiwezi kukuambia kama ilikuwa nyeusi mara moja au mara tatu. Zibakize kama ushahidi wa kuwepo kwa protini, usitoe asilimia kutoka humo.

Picha za kamera zikaguliwe. Kama ulihifadhi faili asili za TIFF za biti 16, zenye ngazi 65,536 za mwanga, zifungue kwa ImageJ, programu ya bure ya kupima picha, na utazame kama kuna pikseli zilizofika kikomo ndani ya bendi za aktini. Kama ulihifadhi JPEG pekee, una ngazi 256 tu na mgandamizo juu yake, na sishauri kupima chochote. Tazama pia kama katikati ya bendi pana weupe au pameingia shimo. Hiyo ni dalili kwamba kimeng'enya kilikuwa kingi mno na kikamaliza luminoli, na bendi kama hiyo haipimiki hata kama programu inatoa namba.

Kubandua kingamwili kuna madhara yake. Sabuni na joto vinavyoondoa kingamwili huondoa na protini kidogo, wala si lazima kwa kiasi sawa katika kila njia. Siku nyingine, HSP70 ikiwa na kilodaltoni 70 na aktini 42, kata utando kwa mlalo kati yao, karibu na alama ya 55, na kila kipande kipate kingamwili yake.

Kinachookoka ni lisati. Kama mabaki yake yako kwenye friza ya nyuzi hasi 80, unaweza kufanya uthibitisho sasa, kwa mchanganyiko wa sampuli zako zilezile, kwa kingamwili zilezile na viwango vilevile. Ukikuta kwamba kiasi ulichokuwa ukipakia kiko ndani ya eneo la uwiano kwa protini zote mbili, na kwamba aktini ikigawanywa kwa rangi ya protini yote haifuatani na kundi, basi picha zako za kamera zimepata msingi, nawe utauandika katika sura ya mbinu pamoja na mchoro wake. Ukikuta aktini ilikuwa imeshiba, itakubidi urudie bloti chache zinazobeba hitimisho kuu kwa kiasi kidogo cha sampuli. Zizungumzie hizo na msimamizi wako kabla ya kuwasilisha. Ni afadhali kuchelewa kidogo kuliko mtahini aliulize hilo mbele ya jopo.

Mchangiaji, Kisauni

Mwalimu, nimesoma yote na nimeandika mpango. Nitafanya ngazi ya viwango upya nikigawanya ishara kwa mikrogramu. Nitapiga picha ya Ponceau kwa kila utando na kuipima kuanzia kilodaltoni 25. Nitaongeza samaki hadi wanane kwa kila kundi. Kwa kuwa hawaingii katika jeli moja, nitaendesha jeli ya kwanza kwa samaki wa maji ya chumvi na jeli ya pili kwa wa maji yenye chumvi kidogo, ili kila kundi liwe pamoja na picha iwe safi. Naomba unikosoe kabla sijaanza.

Mwanzisha uzi, Tudor

Mpango ni mzuri isipokuwa mpangilio wa jeli, ambao lazima ubadilike. Ukiweka kundi zima katika jeli moja na lingine katika jeli nyingine, tofauti yoyote ya uhamishaji, ya kingamwili au ya muda wa picha kati ya jeli mbili itaonekana kama tofauti ya chumvi, na hakuna hesabu itakayoitenganisha. Weka samaki wanne wa kila kundi katika kila jeli, ukiwapishanisha njia moja baada ya nyingine, kwa kuwa njia za pembeni mara nyingi hazihami sawa na za katikati. Bakiza ule mchanganyiko wa sampuli zote wa ngazi ya viwango. Uweke katika njia ya kwanza na ya mwisho ya kila jeli. Utakusaidia kuunganisha jeli ya kwanza na ya pili kwa kipimo kimoja. Ukiona kwenye Ponceau kwamba njia hizo mbili za mchanganyiko, zilizopakiwa sawa, zinatofautiana waziwazi, usiutie utando huo kingamwili, pakia upya.

Mchangiaji, Likoni

Na andika mpangilio wa njia kwenye daftari kabla ya kupakia, dada. Ukate jeli pembe moja ili ujue kushoto ni wapi, na utando nao uukate pembe hiyohiyo.

Mchangiaji, Kisauni

Nimeelewa, ndugu zangu. Nitaweka mchoro wa ngazi ya viwango hapahapa ukishakuwa tayari, inshallah, pamoja na faili asili, ili nanyi mugawanye wenyewe ishara kwa mikrogramu.